Jumatano Tatu za Mwamvita

Cheyo,
S.L.P. 217,
Tabora.
Jumapili, 24 Novemba 1974.

Mpendwa Kaka Yahaya,

Shikamoo kaka. Na shikamoo ya pili, kwa sababu nina barua zako mbili ambazo sikuzijibu. Ile ya mwezi wa saba na ile ya mwezi wa kumi zote zimo ndani ya kamusi yangu, na kila nikifungua kamusi naziona. U hali gani huko Sofia, na masomo yako ya udaktari yanaendaje? Kifua chako kimepona? Na lile koti ulilosema mikono yake mifupi, umepata jingine? Mama aliposikia kwamba unalala na soksi jozi mbili alisikitika mpaka akataka kukufumia blanketi, ila hajui litafikaje.

Hapa ningeandika kwamba sisi sote hatujambo, kama tunavyofundishwa shuleni. Nimejaribu mara mbili na mara mbili nimechana karatasi. Basi niseme tu kwamba tupo.

Mvua imeanza wiki iliyopita. Unga ni ule wa mahindi ya njano, na Mama anasema ukiusonga vizuri hauna neno, lakini anayasema hayo huku anatazama pembeni. Baba bado yuko Ipole. Tangu watu wa huko waanze kuhamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, bwana nyuki kama yeye hana siku ya kupumzika. Kila mzee anataka mizinga yake ihame naye, na nyuki hawajui operesheni ya vijiji. Anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi, siku mbili, ananukia moshi, halafu anaondoka.

Kaka, habari niliyoificha ni ya mdogo wetu Mwamvita. Tafadhali kaa kitako uisome yote. Usiniachie njiani, hata kama utanikasirikia.

Unakumbuka mwaka jana alipovimba goti, kesho yake kiwiko, keshokutwa goti jingine, na sisi tukadhani ni kukua. Hospitali daktari aliweka mpira wa kusikilizia kifuani pake akakaa muda mrefu, tena akarudia mgongoni. Wakampima na ile mashine ya umeme inayochora mistari kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyeitwa kutafsiri, kwa kuwa daktari yule ni mgeni na Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo." Nilisimama pale na sare yangu ya shule, nikamwambia Mama kwamba homa ya viungo imeshuka moyoni na mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa. Mama alinitazama kama vile mimi ndiye daktari. Nakiri, nilijisikia.

Ndipo nikakuandikia, nawe ukanijibu kurasa nne. Salamu kwa Kiswahili, mambo ya moyo kwa Kiingereza, ili Kiingereza changu kisilale. Nilizisoma mpaka nikazijua. Ulieleza kwamba ugonjwa huu huanzia kooni, maumivu ya koo ya kawaida tu ya watoto, kisha mwili unapopigana na koo unaupiga hata moyo wake wenyewe. Ulieleza kwamba wataalamu wa huko wanajifunza mashine mpya inayopeleka mawimbi ya sauti kifuani na kuonyesha milango ya moyo ikifunguka na kufungika, bila kumchana mtu. Na kwamba mlango ulioharibika sana siku hizi unaweza kuondolewa na kuwekwa wa chuma na plastiki, na mtu akaishi. Mimi niliwahadithia darasani, na hakuna aliyeniamini isipokuwa mwalimu wa bayolojia.

Lakini mwishoni uliandika kwamba hayo yote ni ya kwenda kuyatafuta mbali, na kwamba utafiti mkubwa kuliko wote kwa mtoto kama Mwamvita uko hapo hapo Tabora ndani ya kichupa kidogo: sindano moja ya penisilini kila wiki nne, miaka na miaka, asikose hata moja. Ukapigia mstari. Ukaandika: "Shomari, kazi hii nakupa wewe. Baba yuko porini, Mama hasomi kadi. Ni wewe."

Niliifanya, kaka. Wallahi niliifanya. Kila Jumatano ya nne nilimpakia Mwamvita kwenye kariya ya baiskeli mpaka kliniki. Yule nesi Apolinaria ni Mgogo, na ulivyo utani wao na sisi Wanyamwezi, alikuwa hatuachi. "Wabeba mizigo hao wamefika! Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka baharini, leo sindano moja inakutoa jasho?" Mwamvita naye alikuwa anamjibu, "Walipopita kwenu walikuta mnaomba maji!" Anacheka, anachomwa, analia kidogo, anacheka tena. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani nasubiri muhuri. Mihuri ilifika tisa.

Sasa naingia pale penyewe.

Mwezi wa sita Mwamvita alivunja ungo. Shangazi Zamda akahamia kwetu na begi lake, chumba cha nyuma kikatundikwa pazia, na mwali akawekwa ndani mpaka mwisho wa Shaabani, atolewe kabla ya Ramadhani. Unajua nyumba inavyokuwa. Ua wote ulikuwa wa wanawake. Mimi nilikuwa napita upande wa barabarani kama mpangaji.

Mwalimu wa Mwamvita alituma mtoto kuuliza mbona haonekani shuleni. Shangazi akaniambia niandike kwamba anaumwa. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mwamvita anaumwa, atarudi akipata nafuu. Hakuwa anaumwa, kaka. Siku hizi nikiikumbuka karatasi ile naona kama niliuandika ugonjwa kabla haujafika.

Jumatano, tarehe tatu Julai, ilikuwa siku ya sindano. Niliifuta baiskeli vumbi, nikaisukuma mpaka mlango wa ua, nikasimama. Wanawake walikuwa sita au saba wanatwanga, wanaimba zile nyimbo ambazo wakituona wanaume wanazikatiza. Shangazi akasema, "Haya bwana mkubwa, unamtafuta nani huku? Au nawe unataka kuchezwa?" Basi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwacheni, huyo ni mume wetu mdogo, kaja kutuchagua!" Mimi nilihisi masikio yanawaka moto.

Hapo, kaka, ningeweza kusema nilizomewa nikaondoka, na wewe ungenionea huruma. Lakini haikuishia hapo. Shangazi aliacha kucheka. Aliiona baiskeli, akaelewa. Alinyanyuka akanisogelea, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni ile sindano yake, sivyo? Hiyo kadi yenu ya Kizungu inasemaje? Mtoto anaweza kungoja mpaka tumtoe?"

Aliniuliza. Nataka ulijue hilo. Hakukataa, hakunifukuza. Aliniuliza mimi niliyesoma.

Wale wengine wote walikuwa wananitazama. Kusema "hawezi" kungetaka nieleze, na kueleza kulikuwa ni kusema mbele yao habari za mwali na mwili wake na mahali anapochomwa. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimechoka. Lugembe na wenzake darasani walikuwa wameshaniona na Mwamvita kwenye kariya, na kila Alhamisi waliniita yaya. Kwa hiyo Shangazi aliponiuliza niliona mlango umefunguka, nikapita.

Nikasema, "Inaweza, Shangazi. Inaweza kungoja."

Neno hilo tu. Akasema "Haya," akarudi kutwanga. Jumatano ile nilicheza mpira. Nilifunga bao moja.

Ya thelathini na moja Julai sikuisukuma baiskeli. Ya ishirini na nane Agosti nilijidai nimesahau, ingawa niliamka nayo kichwani. Katikati hapo, Mama alisema mezani kwamba mwali ana koo linamuuma, amepewa asali ya Ipole na maji ya moto. Koo, kaka. Barua yako ilikuwa chumbani kwangu. Nilikula, nikanawa mikono, nikaenda kufanya hesabu.

Siku ya kumtoa ilikuwa nzuri sana. Alivaa kanga mpya, na hina mpaka viwikoni, watu wakamtunza. Wote walidhani ni haya ya mwali anayeinamisha kichwa. Mimi niliona anatafuta mahali pa kukaa. Nilijiambia ni jua.

Kumi la mwisho la Ramadhani magoti yalivimba. Kisha akawa hawezi kulala chali, analala ameketi na mito mitatu, na miguu ikajaa maji. Idi tuliila wodini.

Daktari aliitaka kadi. Aliona mihuri tisa, halafu nafasi tatu tupu, kisha muhuri mmoja wa Ramadhani. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa nini waliacha? Mama alikuwa kando ya kitanda, na Shangazi Zamda miguuni amemshika Mwamvita nyayo. Mama akauliza, "Anasemaje?"

Nikamjibu daktari kwa Kiingereza safi kabisa, sijawahi kukisema hivyo hata mbele ya mwalimu. Nilisema mila zetu haziruhusu msichana kutoka nje, na yule mama pale, shangazi yake, ndiye aliyemzuia.

Daktari alimgeukia Shangazi. Alimsema kwa dakika nzima, uso umemwiva. Shangazi alikuwa anamwitikia kwa kichwa, "Ahsante daktari. Ahsante baba." Halafu akaniuliza kasema nini, nami nikamwambia, "Anasema tumshukuru Mungu tumemleta mapema."

Sijui kama ninyi madaktari mna jina la ugonjwa huo.

Tangu ile Jumatano ya kwanza sikuweza kukuandikia. Ungeuliza sindano.

Na leo naandika kwa sababu imefika mahali siwezi tena. Mwamvita yuko nyumbani, anapewa vidonge vya kutoa maji na kingine cha kutuliza moyo, chakula bila chumvi, na sindano sasa ni kila wiki tatu. Lakini daktari anasema mlango ule sasa unavuja vibaya, na dawa peke yake hazitamfikisha mbali. Anataka apelekwe Dar es Salaam mwezi wa kwanza, kwa mabingwa wanaowachagua wagonjwa wachache wa kupasuliwa nje ya nchi. Ijumaa alinisomea barua aliyowaandikia ili niwaeleze nyumbani. Vipimo vyote vimo. Halafu mwishoni kuna mistari miwili. Inasema familia hii ilikatiza matibabu kwa sababu ya mila, na kwa hiyo yeye ana shaka kama wanaweza kuaminiwa na mgonjwa mwenye mlango wa chuma, ambaye lazima anywe dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku ya maisha yake bila kukosa.

Umeelewa, kaka? Wakisoma hivyo watamchukua mtoto mwingine. Mistari ile miwili si ya daktari. Ni yangu. Mimi ndiye niliyemtilia mdomoni.

Barua ya daktari itaondoka na treni ya Alhamisi. Leo Jumapili. Sijamwambia mtu yeyote. Naifunga karatasi hii hapa, sitaiposti mpaka niwe na la kuandika chini yake.

Jumatano, 27 Novemba.

Nimerudi, kaka.

Jana mchana nilimkuta Shangazi anachambua mchele ukumbini. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote, nikiutazama ungo na si uso wake. Hakuacha kuchambua. Nilipofika pale pa hospitali mkono ukasimama.

"Kwa hiyo siku ile yule daktari alivyokuwa ananitolea macho, alikuwa ananigombeza mimi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mimi nikawa namwambia ahsante."

"Ndiyo."

"Ahsante baba, nikamwambia." Alirudia hivyo mara mbili, kama anayeonja kitu. Kisha akasema, "Shomari, ungesema hawezi, basi. Hawezi. Ningemfunika kanga mbili nikampitisha nyuma ya nyumba alfajiri, nikamrudisha kabla jua halijapanda. Tumewatoa wali waliokuwa na homa, tumemtoa mmoja nyumba ilipoungua. Nani kakwambia sisi ni wajinga wa kumfungia mtoto na moyo mbovu?"

Nilidhani atanipiga kofi, na ningelifurahia. Aliuweka ungo chini, akaenda kumwambia Mama. Mama hajanisemesha mpaka sasa. Ananiwekea chakula na kuondoka.

Leo tulikwenda hospitali, Shangazi mbele mimi nyuma. Tulipofika nikaanza kumsalimu daktari, Shangazi akanishika bega. "Wewe mkalimani leo kaa upande ule. Muite yule binti Mgogo." Akaja Apolinaria. Nilisema kila kitu kwa Kiingereza, na Apolinaria akakigeuza sentensi kwa sentensi, na Shangazi akawa anatikisa kichwa kila akiridhika kwamba ndivyo nilivyomwambia. Sikujua kwamba maneno yangu mwenyewe yanaweza kuniuma hivyo yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Apolinaria alifika pale pa "nilisema ni shangazi" akanitazama kwanza.

Daktari akavua miwani. Aliitoa ile barua kwenye bahasha, akaichana, akaandika nyingine pale pale tukiwa tumesimama. Alimwomba Shangazi radhi, akampa na mkono. Aliniambia mimi kwamba hawezi kuahidi lolote, nafasi ni chache, na moyo wa Mwamvita hauwezi kurudi ulivyokuwa mwezi wa sita kwa sababu tu mimi nimesema kweli mwezi wa kumi na moja. Nilimwambia nimeelewa. Jina langu limo ndani ya barua mpya, kwamba mimi ndiye nitakayesimamia dawa, na kwamba mimi ndiye niliyekosa.

Tulipokuwa tunatoka Apolinaria alituita kutoka mlangoni. "Enyi wabeba mizigo! Mzigo huu mmeutua njiani mara tatu. Mkiutua ya nne nawafuata Cheyo na sindano mkononi!" Shangazi akacheka. Mimi nilishindwa.

Alikuwa amebaki Mwamvita mwenyewe. Alikuwa ameegemea mito yake, anasuka ukili. Nilimwambia kwamba ile sindano haikuweza kungoja, na nilijua.

Akasema, "Nilikusikia, kaka. Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia. Nilijua ni Jumatano, nilikuwa nimeshavaa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Uliposema inaweza kungoja, nikafurahi. Nikasema kumbe nimepona, kliniki wameshakwambia, ni vile tu hujaniambia."

Aliendelea kusuka. Baadaye akaniuliza kama baiskeli bado ina upepo, maana Jumatano ijayo ni zamu yake na kutembea hawezi. Nimeijaza upepo. Nitaisukuma kwa miguu, yeye akae kwenye kariya, na Lugembe akitaka kuniita yaya na aje asukume upande wa pili.

Kaka Yahaya, nina ombi moja. Wewe unajifunza mambo haya kwa watu wanaoyajua. Niambie, mlango ule ungeharibika hata kama asingekosa zile tatu? Au ni zile tatu? Na mtoto aliyefika hapo alipofika yeye, waliopasuliwa huko wanaishi miaka mingapi? Usinionee huruma. Na tafadhali safari hii usiandike hata mstari mmoja kwa Kiingereza. Andika kwa Kiswahili, hata yale maneno magumu, hata kama neno moja litakuchukua sentensi nzima. Nimemwambia Shangazi kwamba barua yako ikifika sitaifungua. Atamwita Apolinaria aisome kwa sauti, ukumbini, Mama akiwepo, Mwamvita akiwepo, na mimi nimekaa chini nasikiliza kama wengine.

Shangazi anakusalimu na anasema koti lenye mikono mifupi ulirefushe kwa kitambaa chochote, usione haya. Mama anakusalimu, blanketi ameshalianza. Baba atakuja Jumamosi, nami nitamwambia mwenyewe kabla hajaweka begi chini. Mwamvita anasema umletee picha ya ile mashine inayoonyesha moyo, anataka kujua kama unafanana na ule wanaouchora kwenye kanga. Nisalimie na huyo rafiki yako Shilinde wa Nzega mnayekaa naye, mwambie kwao pia mvua imenyesha.

Mungu akulinde na baridi, akupe akili ya kuyashika yote unayofundishwa, na akurudishe kwetu wakati ambao Mwamvita bado anaweza kukimbia kukupokea begi stesheni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Shomari